Siku moja maishani mwangu: kuifundisha kompyuta Kikomi

Kwetu Tanga wakiniuliza nafanya kazi gani huku Ulaya, nasema ninaifundisha kompyuta lugha. Mtu huitikia kwa adabu, kisha huuliza lile swali ambalo hata wasomi huniuliza: kwani kompyuta siku hizi si zinajifunza zenyewe? Basi naandika siku yangu ya Alhamisi iliyopita, mtu aone jasho linatokea wapi.

Lugha yenyewe ni Kikomi. Iko katika familia ya Kiurali pamoja na Kifini, Kiestonia, Kihungaria na Kisami, na husemwa kaskazini-mashariki mwa Urusi ya Ulaya, ambako mji mkuu wa jamhuri yao ni Syktyvkar. Mimi nakaa Helsinki.

Saa 12 asubuhi naamka, ni Novemba, giza totoro. Metro kutoka Itäkeskus, nashuka kituo cha chuo kikuu, natembea hadi Metsätalo, jengo la chuo kikuu tunamofanyia kazi, navua koti, naweka kahawa.

Saa 2:15 nafungua matokeo ya usiku. Kila usiku seva hupitisha maandishi ya Kikomi kwenye kichanganuzi chetu, nacho hufumua neno moja moja kikitafuta mzizi na viambishi. Kimeandikwa kwa mkono: huku kamusi ya mizizi, huku kanuni za sauti zinavyobadilika. Njia hii ilizaliwa hapahapa Helsinki, katika tasnifu ya Kimmo Koskenniemi ya mwaka 1983. Sisi Waswahili inatuhusu, kwa sababu katika miaka hiyohiyo ya 1980 Profesa Arvi Hurskainen aliichukua akaanza kukichanganulia Kiswahili, kazi iliyokuja kuitwa SALAMA, na kutoka kwake tumepata Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, yaani mkusanyo mkubwa wa maandishi, ambayo watafiti wanaitumia hadi leo. Ndiyo iliyonivuta mimi. Nilianza kwa kufumua «anakupenda», nikaishia kwenye misitu ya Komi.

Misitu kweli. Вӧр ni msitu. Вӧрын, uko ndani yake, вӧрӧ, unaingia, вӧрысь, unatoka, вӧръясын, uko ndani ya misitu, вӧрам, ndani ya msitu wangu. Вӧв ni farasi, lakini farasi wangu ni вӧлӧй, maana katika maneno ya kundi hili в ya mwisho hugeuka л ikifuatwa na irabu. Kila tabia ya namna hiyo kuna mtu aliikalia, akaiandikia kanuni, akaijaribu, ikaharibu kanuni nyingine, akaanza upya. Katika Kikomi nomino moja hupita kwenye hali zaidi ya kumi na tano, kama hizo za kuwa ndani, kuingia na kutoka, kisha uje umiliki, uje wingi. Nikiona mstari wa kijani unaosema neno limefumuliwa sawasawa, najua ni mikono ya watu.

Asubuhi hiyo mistari ilikuwa myekundu. Tulikuwa tumepokea shehena mpya ya maandishi, na juu kabisa ya orodha ya maneno «yasiyojulikana» lilikaa сійӧ, yaani «yeye». Ni sawa na kichanganuzi cha Kiswahili kuikataa «na».

Nikalitazama la kwenye maandishi, nikalitazama la kwenye kamusi. Machoni ni neno lilelile. Ila kompyuta haina macho, inasoma namba, na kila herufi ina namba yake katika Yunikodi, orodha ya kimataifa ya herufi. ӧ ya Kikirili, alfabeti ya Kirusi na Kikomi, ni U+04E7. Ile ö ya Kilatini wanayoandikia Wafini na Wajerumani ni U+00F6. Ipo namna ya tatu: o ya Kikirili, kisha vidoti viwili vyenye namba yao pekee. і ya Kikomi nayo ina pacha wa Kilatini. й huandikwa ikiwa nzima au kwa vipande viwili. Piga hesabu: neno la herufi 4, namna 12 za kuliandika, na kwenye karatasi zote ni kitu kimoja.

Simlaumu mwandishi wa Kikomi hata chembe. Kibodi ya Kirusi haina ӧ wala і, fonti nyingi za zamani hazikuwa nazo, naye akachukua herufi iliyofanana na yake akaendelea kuandika. Ameandika lugha ya wazazi wake kwa vifaa ambavyo havikumfikiria. Ninaowalaumu ni waliotuletea shehena. Walikubali kutupa faili asilia, wakatuma PDF. Nikawaandikia, wakajibu kwamba wameifungua na herufi zinaonekana vizuri. Nikawaandikia tena, nikaweka picha na namba za herufi. Jibu la pili lilikuwa PDF ileile, jina la faili limebadilishwa.

Basi nikaanza. Vipande vya й na ӧ huunganishwa kwa kanuni za Yunikodi zenyewe, hilo ni la dakika chache. Mapacha wa Kilatini hawaunganishwi na kanuni yoyote iliyotengenezwa tayari, na huwezi kuwabadilisha wote kwa mkupuo, kwa sababu ndani ya maandishi hayohayo mna majina ya mahali kama Köln na Töölö, ambayo ö zao ni za Kilatini kwa haki. Kwa hiyo unaangalia majirani: herufi za ubavuni zikiwa za Kikirili, badilisha, zikiwa za Kilatini, acha, zikiwa mchanganyiko, tenga ukasome mwenyewe. Nikatenga, nikasoma. Halafu ikaonekana PDF imekata maneno mwisho wa mstari kwa kistari. Ukiviondoa vistari vyote unaua maneno ambayo kistari ni chao, kama бать-мам, wazazi, baba-na-mama wakiwa neno moja. Kila kilichokatwa inabidi kilinganishwe na kamusi, na kisichokuwamo kwenye kamusi kirudi kwangu. Shingo ilikakamaa. Kuna wakati nilikuwa natazama mstari mmoja bila kuona chochote.

Chakula cha mchana supu ya njegere, maana Finland kila Alhamisi ni supu ya njegere.

Saa 7 na kitu, mkutano kwa video na ofisa wa mfuko mmoja unaofikiria kutusaidia. Muungwana, lakini swali lake lilikuwa lilelile la Tanga: kwa nini tusingoje modeli kubwa, zile programu za akili bandia zinazoandika lugha, zijifunze zenyewe? Nikamweleza kwamba modeli hizo hushiba kwa wingi wa maandishi, na Kikomi hakina wingi huo. Akauliza kama hatuwezi kuyatengeneza kwa mashine. Nikamwambia mashine isiyoijua lugha itatunga Kikomi kibovu, na kile kibovu kitarudi kufundishia mashine nyingine. Nikampa mfano wa wenzetu wa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, ambao mfumo wao wa tafsiri unazihudumia lugha nyingi ndogo za Kiurali, Kikomi kikiwemo: hata wao wanahitaji maandishi safi, na usafi huo lazima mtu aufanye. Akauliza kwa mara ya tatu, kwa maneno mengine. Nikajibu kwa mara ya tatu. Nilikuwa nimechoka, ila sikupunguza hata neno, kwa sababu mwanafunzi wa Syktyvkar anayetaka kuandika barua bila kibodi kumsahihisha kwa Kirusi hawezi kungoja hadi lugha yake ipate soko.

Nilipofunga simu, nje jua lilikuwa linakwisha. Sikumbuki vizuri saa zilizofuata. Herufi, vistari, herufi.

Jioni akaja mama mmoja, mzaliwa wa Komi anayeishi huku siku nyingi. Tangu 2022 vyuo vikuu vya Finland vilipositisha ushirikiano rasmi na taasisi za Urusi, wazungumzaji walioko huku wamekuwa nguzo yetu. Namwamkia kwa heshima ya kwetu, namvutia kiti karibu na dirisha, kisha tunapitia sentensi.

Siku hiyo tulikuwa kwenye вӧв. Ni farasi, lakini baada ya эз, kitenzi cha kukanusha, вӧв huwa sehemu ya «hakuwa» au «hakukuwa na». Mashine huleta maana zote mbili, na kanuni ndiyo huamua ipi iondoke. Utaratibu huu wa kuondoa maana zisizofaa kwa kutazama maneno ya jirani nao ni wa hapa Helsinki, aliuanzisha Fred Karlsson mwaka 1990. Kanuni yetu ilisema: вӧв likitanguliwa na эз, ondoa farasi. Mama akasoma sentensi tulizomchapia, akaweka kidole juu ya meza.

«Na эз на вӧв je? Hakuwa bado. Hapo katikati pana neno.»

Akaanza kunitajia mifano, mmoja baada ya mwingine, mingine ya bibi yake, akinisubiri niandike kila mmoja. Hakuna shehena ya PDF ambayo ingenipa kile alichonipa kwa robo saa. Nikaifungua kanuni, nikairuhusu ipite juu ya vijineno vya namna hiyo, nikaendesha majaribio akiwa pale pale. Mistari ikawa ya kijani. Akaniuliza kama sasa inajua. Nikamwambia, hii inajua.

Nilimsindikiza hadi kituoni, nikarudi kuiwasha kazi ya usiku: maandishi yaliyosafishwa, kanuni mpya, kamusi yote. ӧ zimekwisha. Kwenye faili la waliotengwa zimebaki і, na nyingi zimo ndani ya majina ya watu, ambayo kamusi haiyajui. Hizo ni za kesho, saa 2:15.