Landrova 109 na injini ya Tdi: naanzia nyuma kwenda mbele

Kila anayesikia kwamba naitoa injini ya zamani kwenye Landrova yangu, Series III ya chesi ndefu, 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), huuliza kwanza: "Unaweka injini gani?" Jibu ni fupi: 200Tdi, dizeli ya turbo iliyotoka kwenye Landrova aina ya Discovery. Ila kwenye daftari langu la mpango, injini iko kurasa za mwisho. Za mwanzo ni breki, kisha difu (gia zilizo katikati ya ekseli), kisha transfa (boksi la pili la gia, linalogawa nguvu mbele na nyuma), na hapo ndipo wenzangu wengi wanapoanza kusinzia.

Iliyomo sasa ni dizeli ya cc 2,286. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu farasi 62, na nguvu ya kusokota shafti ya Nm 140 hivi. Tdi ya Discovery ina farasi 111 na Nm 264, tena inazifikisha hizo Nm mapema, kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika. Watu hutamba kwa farasi. Mimi naiangalia hiyo namba ya pili, kwa sababu ndiyo inayokata ekseli. Inakaribia kuwa mara mbili ya ile ambayo gia boksi, krosi (viungo vya shafti) na shafti za gari hili zilizoea.

Nimeichagua 200Tdi kwa sababu ni ya ukoo mmoja na injini ninayoitoa. Mashimo ya kufungia gia boksi kwa nyuma yanaoana na ya Series kwa kazi ndogo tu ya kubadili stadi na kupanua tundu moja moja. Haina kompyuta. Pampu ya dizeli ni ya kimakanika. Ukiipa waya wa solenoidi ya kuzimia, waya wa hita plagi na wa stata, inawaka. Kwenye gari ambalo waya zake zote unaweza kuzifuata kwa kidole, hilo ni jambo kubwa.

Sasa hesabu. Series III kwenye gia ya juu kabisa haina upunguzaji ndani ya gia boksi, lakini transfa inapunguza 1.15 na difu inapunguza 4.7. Zidisha, unapata 5.4: injini inazunguka mara tano na ushee ili tairi lizunguke mara moja. Kwa tairi za 7.50-16, mizunguko 3,000 inakupa kama kilomita 82 kwa saa. Tdi ukiiweka hapo bila kugusa kingine, itapanda milima vizuri sana, na kwenye lami itapiga kelele kama cherehani. Utakuwa umenunua nguvu usiyoweza kuitumia.

Ushauri unaozunguka kila mahali ni kuweka difu za 3.54, zile za Range Rover na Defender. Ni ushauri mzuri kwa mwenye 88, ile ya chesi fupi, maana mbele na nyuma ana difu za aina moja zinazochomoka na kuingia nzima. Kwa 109 haufiki mbali. Ekseli ya nyuma ya gari langu ni Salisbury, ile nene yenye kifuniko cha boliti kwa nyuma, na difu yake si ya kuchomoa nzima kama ya mbele. Krauni na pinioni, gia zake kuu mbili, zinapangwa kwa shimu (vibati vyembamba) humo humo ndani ya nyumba yake. Nikiweka 3.54 mbele na kubaki na 4.7 nyuma, siku nitakapofunga fo-wili magurudumu ya mbele na ya nyuma yatataka mwendo tofauti, na transfa ndiyo itakayolipa.

Kabla ya kuamini maandishi yoyote kuhusu gari la umri huu, nilitaka kujua difu zilizomo kweli ni zipi. Gari limepita mikononi mwa wengi. Kipimo chake hakihitaji kufungua kitu. Nyanyua gurudumu moja la nyuma, weka gia huru, chora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela, ile shafti inayotoka transfa kwenda difu. Zungusha tairi mizunguko miwili kamili, huku mwenzako akihesabu propela. Ni miwili kwa sababu gurudumu la upande wa pili limesimama chini, hivyo krauni inakwenda nusu ya unavyozungusha. Propela ikizunguka mara nne na karibu robo tatu, hiyo ni 4.7. Ikizunguka mara tatu na nusu, ni 3.54. Yangu ni 4.7 nyuma, na mbele vilevile.

Angalizo kwa wageni wa magari haya: handbreki ya Landrova hii inashika propela nyuma ya transfa, haishiki magurudumu. Kwa kipimo hiki lazima uiachie, la sivyo hakitazunguka kitu. Na hata ukiwa unabadili tairi tu, ukishanyanyua gurudumu moja la nyuma handbreki haina maana tena, kwa kuwa difu inaruhusu lile lililo hewani kuzunguka na gari likaondoka. Weka magogo kwenye magurudumu mengine kabla ya jeki. Sitanii.

Kwa hiyo difu zinabaki. Njia zilizosalia ni tatu. Ya kwanza ni ovadraivu, inayofungwa nyuma ya transfa na kukupa mwendo wa ziada wa karibu asilimia 28. Ilibuniwa enzi za farasi 60 na kitu, na mimi sitaki kuipitishia Nm 264 huku nimefunga trela. Ya pili ni kung'oa kila kitu na kuweka gia boksi ya gia tano, LT77, pamoja na transfa ya LT230. Inasikika kama jibu la kiume, lakini transfa ile inaendesha magurudumu manne wakati wote, na ekseli ya mbele ya Series ina krosi za kawaida kwenye kona za magurudumu. Ukikata kona kali usukani utakuwa unatetemeka mkononi. Halafu kuna kukata sakafu, kuhamisha boriti ya chesi, kutengeneza propela mbili mpya. Hapana.

Ya tatu ndiyo yangu: seti ya gia za transfa zinazoinua upande wa mwendo tu, kwa takriban asilimia 30, na kuuacha upande wa nguvu kama ulivyokuwa. Mizunguko 3,000 sasa itakuwa kama kilomita 105 kwa saa. Na nikiingiza lo, yaani huo upande wa nguvu, gia ya kwanza bado inanipa upunguzaji wa karibu 40 kwa 1. Kwa difu za 3.54 ningeshuka hadi 30, na kwenye mteremko wa mawe tofauti hiyo unaisikia kwenye mguu wa breki. Faida nyingine imenifurahisha kuliko inavyostahili: spidomita inachukua mwendo wake kwenye shafti inayotoka transfa kwenda nyuma, baada ya hizo gia. Kwa hiyo itaendelea kusema kweli. Waliobadili difu wote wanaendesha na spidomita inayodanganya.

Breki zinatangulia. Ni dramu pande zote, na kwangu hakuna sevo (kifaa cha vakyumu kinachousaidia mguu kwenye breki). Tdi inakuja na pampu yake ya vakyumu, hivyo sevo itapata pa kunyonya, lakini silinda za magurudumu, mipira na mabomba ya chuma nabadili sasa, injini ya zamani ikiwa bado ndani. Nikikosea kutoa hewa kwenye mfumo, heri nijue nikiwa na farasi 62.

Injini yenyewe niliinunua kutoka kwenye gari lililokuwa bado linawaka, na kwa mtumba wa dizeli sishauri vingine. Acha ipoe, iwashe mwenyewe ikiwa baridi, ngoja ipate moto, kisha fungua kifuniko cha kujazia oili na kiweke kichwa chini juu ya tundu lake. Kikicheza cheza ni sawa. Kikirushwa, ringi zimechoka na pistoni zinavujisha. Fundi wangu aliweka kiganja hapo kwa muda, akakinusa, akasema, "Bosi, hii ichukue. Kuingia itaingia tu. Wewe niambie turbo utaipitisha wapi."

Hilo ndilo swali lenyewe. Turbo ya Discovery imekaa chini na inagombana na chesi. Ile ya Defender imekaa juu. Tumekubaliana kutafuta manifoldi na turbo za Defender badala ya kukata chesi. Mbele, bati linaloshika rejeta litapanuliwa ili intakula (kipoza hewa ya turbo) ikae ubavuni mwake. Mkanda wa taiming, tensheni yake, pampu ya maji na sili ya nyuma ya krenki vinabadilishwa injini ikiwa imesimama sakafuni, maana hapo ni kazi ya spana mbili. Bushi ya nyuma ya krenki tutaipima na ncha ya shafti ya gia boksi kabla ya kuunganisha, tusije tukavuta vitu vizito kwa boliti kumbe vinakataana.

Kilichobaki ni mpangilio. Nilifikiri kuweka gia za transfa kwanza, nikaona injini ya sasa haitazivuta; kwenye mlima wowote ningerudi gia ya pili. Basi transfa na injini zinatoka pamoja. Sakafu na kiti cha kati vitakuwa vimeshafunguliwa, na klachi pia itakuwa wazi. Ekseli za akiba za mbele, yaani zile shafti za ndani zinazozungusha magurudumu, nimeshaziweka stoo, maana zile za meno kumi nazijua tabia zake, na mguu wangu wa kulia naujua pia.