Nyeupe Juu, Nyeusi Chini

Mwezi wa saba Arusha jua likishazama, baridi ya Meru huingia hadi ndani ya ukumbi, na okestra ya shule ilipangiwa kupiga saa moja usiku. Barua ya wazazi ilikuwa fupi: nyeupe juu, nyeusi chini. Kuwavalisha watoto kukaniangukia mimi na mzazi mwenzangu, fundi cherehani. Tukaanzia mitumba ya Kilombero.

Weusi wa mtumba haufanani. Pamba iliyofuliwa sana hugeuka kijivu, na taa za jukwaani haziifichi. Tulianika suruali zote kamba moja, juani, tukatenga zilizopauka. Za pamba tulizichemsha na rangi ya unga na chumvi, zikakolea vizuri. Za poliesta tuliziacha, kwani rangi ile haishiki kwenye poliesta.

Kwenye vipimo fundi alikataa kabisa kumpima mtoto aliyesimama. "Mama, huyu si anapiga akiwa amekaa? Leta kiti, na chombo chake aje nacho." Selo, ndugu mkubwa wa fidla, hushikwa katikati ya magoti, kwa hiyo sketi nyembamba, hata iwe ndefu na yenye mpasuo, itamwaibisha msichana mbele ya wazazi wote. Fundi akawashonea sketi za marinda zinazofika kifundo cha mguu, pindo likizunguka kama mita mbili na nusu. Aliyetaka suruali pana alivaa suruali, na kwa maoni yangu huyo ndiye aliyekaa kwa raha kuliko wote.

Shida ya mpiga fidla, chombo kinachobanwa chini ya kidevu, iko juu. Akiinua mikono, shati huchomoka kiunoni na mgongo unabaki wazi, kwa hiyo tulichagua mashati yanayoshuka sentimita 20 chini ya mkanda. Wanga tulitia kidogo, tena si kwenye kola: kola ngumu huisukuma fidla na kumchubua mtoto shingoni. Mikufu, saa, bangili na hereni ndefu zote zikaingia mfukoni mwa matroni. Chuma hukwaruza vanishi ya chombo, na bangili hulia pale pale muziki unapotulia.

Makoti ya shule tuliyakataa kwa sababu ya tromboni, tarumbeta yenye bomba la kusukuma na kuvuta. Mpigaji husukuma bomba mbele hadi mkono unyooke, na koti linalobana kwapani halimfikishi nafasi ya saba, ile ya mbali kabisa. Baridi tukaikabili kwa fulana za ndani. Hapo wazazi walibisha, maana wengi walileta fulana nyeupe. Nyeupe ndani ya shati jeupe la tetroni huonyesha mishono yake yote. Ya kahawia, karibu na rangi ya mwili, haionekani. Masweta yalivuliwa nyuma ya jukwaa, dakika ya mwisho, ili vidole visikakamae.

Soksi zilitusumbua kuliko nilivyotegemea. Mtu akikaa, suruali hupanda, na jukwaa liko usawa wa macho ya walioketi mstari wa mbele. Soksi fupi huacha ngozi wazi. Soksi nyeusi za mpira wa miguu, zinazofika chini ya goti, zilifaa kabisa. Viatu vilipakwa kiwi pale pale ukumbini. Kupaka nyumbani kisha kupanda daladala na kutembea kwenye vumbi ni kazi bure.

Onyesho lilipoisha, mapaja ya wapiga selo na mikono ya kushoto ya wapiga fidla ilikuwa na unga mweupe wa rosini, utomvu mkavu wanaopaka kwenye upinde wa kupigia nyuzi. Mzazi mmoja alikwishalowesha kitambaa afute, fundi akamzuia. Rosini haiyeyuki kwenye maji, na ikipigwa pasi hulainika na kunata kwenye nyuzi za kitambaa. Tuliikung'uta kwa brashi kavu. Iliyong'ang'ania tuliifuta kwa spiriti kidogo kwenye pamba, baada ya kujaribu upande wa ndani wa pindo kuona kama rangi inatoka. Mashati yalilowekwa usiku uleule, kola zikasuguliwa kwa sabuni ya mche. Sketi za selo zikabaki kabatini shuleni, kila pindo likiwa limekunjiwa ndani sentimita nane za ziada, kwa kuwa wasichana wa kidato cha pili hurefuka haraka.