Majirani wananiuliza nachaji wapi

Tangu nilete hii Harrier ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme, majirani zangu wa Goba wana swali moja: unachaji wapi? Sichaji popote. Naweka petroli sheli kama wao, ila siku hizi naonekana huko mara chache. Betri kubwa inajazwa na injini, na nikikanyaga breki mota inageuka jenereta, umeme unarudi betrini. Ndiyo maana hata pedi za breki hazinisumbui.

Ninapoitetea hasa ni kwenye foleni. Asubuhi napita Makongo, natokea Ardhi, halafu kuanzia Mwenge hadi Morocco gari linasogea kidogo, linasimama. Hapo injini imezima. Haingurumi chini chini, imezima kabisa, na AC inaendelea kupuliza, maana kompresa yake inazungushwa na umeme wa betri, haitegemei mkanda wa injini. Aliyewahi kuzima AC mwezi wa pili hapa Dar ili abane mafuta, shati limeganda mgongoni, huku bodaboda zinakwangua saiti mira, huyo atanielewa. Betri ikishuka injini inaamka kidogo, kisha inanyamaza tena.

Kwa nini sikuchukua Prius, ile haibridi nyingine ya Toyota? Njia ya kuingia kwangu. Masika yakipita inabaki mifereji katikati ya barabara, na gari la chini linaacha bampa hapo. Hii ipo juu. Ni ile iliyoanza kuuzwa Japani 2014, injini ya lita 2.5, na nyuma ina mota yake peke yake inayosukuma matairi bila shafti kutoka mbele. Kwa utelezi wa kilima chetu inatosha. Ila hiyo si fo-wili ya porini, usiende nayo kuvuta gari la mtu lililozama mchangani.

Cha kuangalia ni hewa. Betri ipo chini ya kiti cha nyuma, inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia matundu ya hapo hapo kwenye kiti. Vumbi letu, nywele, maganda ya karanga ya watoto, yote yanaishia humo, na betri isiyopata hewa inachemka, inakufa mapema. Nyumbani nimepiga marufuku kurundika mabegi hapo, na fundi anaisafisha ile feni kila sevisi. Fundi mwenyewe awe anaijua haibridi. Zile nyaya za rangi ya chungwa zina umeme mkali, hazishikwi na kila mwenye spana.

Kaka yangu wa Dodoma, ambaye hakauki njia ya Singida, naye akaitaka. Nikamwambia kwenye safari ndefu injini inafanya kazi karibu muda wote, faida inapungua sana, bora abaki na Prado yake ya dizeli. Amenuna. Anadhani namwonea choyo.