Swali Nililoliruka

Jana jioni mjukuu wangu aliniletea daftari la Kiswahili hadi barazani, akanionyesha zoezi alilopewa shuleni: atunge sentensi mbili zinazotofautisha "kutosheka" na "kuridhika." Aliniuliza, "Babu, si ni kitu kimoja?" Nilifungua kinywa nimjibu kama nilivyowajibu watoto wa watu kwa miaka 34, kisha nikakifunga, nikamwambia amalize hesabu kwanza.

Habari za upasuaji wa mwaka 2018, nilipoondolewa tezi dume iliyokuwa na saratani, mnazijua, na za ng'ombe wawili waliouzwa kuulipia mnazijua pia, kwa hivyo sitazirudia. Ambalo sijawahi kulisimulia ni la asubuhi moja ya Agosti mwaka uliofuata, mvua ikiinyeshea Nakuru tangu alfajiri na Menengai ikiwa imejifunika ukungu hata usingedhani pana mlima, tulipokwenda kliniki mimi na mama watoto kuchukua majibu ya damu. Majibu yalikuwa mema. Kipimo cha PSA, protini itokayo kwenye tezi dume, kilikuwa chini ya 0.1, na hivyo ndivyo kinavyotarajiwa kuwa kwa mtu aliyeondolewa tezi dume yote. Daktari alinipa mkono, akasema tuonane baada ya miezi sita, na tulikuwa tumekwisha kusimama tuondoke aliposema kwamba kulikuwa na utafiti mdogo unaoendelea, na kama nisingejali, ningejibu maswali machache chumba cha pili.

Chumba cha pili alikuwamo mwanafunzi wangu.

Alikuwa muuguzi sasa, mwenye mwanawe wa kwanza, lakini alinyanyuka kitini vilevile alivyokuwa akinyanyuka darasa la saba. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika marahaba, na hapo hapo nikatamani ardhi inimeze, kwa sababu nilikwisha kuiona karatasi iliyokuwa mbele yake na kichwa chake cha habari. Ilikuwa hojaji iitwayo EPIC, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani kwa ajili ya wanaume waliotibiwa saratani ya tezi dume, yenye maswali 50 ukihesabu na vipengele vyake. Iliandikwa kwa Kiingereza, naye alitakiwa kunifasiria swali moja baada ya jingine, kisha aweke alama ya penseli kwenye kisanduku.

Alianza vizuri. "Katika majuma manne yaliyopita, Mwalimu, mkojo umekuponyoka mara ngapi?" Nilimsifu kwa neno "kuponyoka," kwani wengi wangesema "kuvuja," nalo ni neno la paa na ndoo. Alitabasamu, na kwa dakika chache tukawa darasani, mimi nikisahihisha tafsiri na yeye akifuta na kuandika upya. Tulipofika kwenye idadi ya pedi kwa siku nilisema moja. Mama watoto alinitazama. Nilieleza kwamba moja huvaliwa na nyingine hukaa mfukoni mwa koti kwa ajili ya safari na mazishi, nikauliza kama ya mfukoni inahesabiwa. "Inahesabiwa ikitumika, Mwalimu," alinijibu, na nikaona kwamba alikuwa ameelewa somo.

Maswali ya choo kikubwa yalipita haraka. Ya homoni nayo yalipita, isipokuwa lile la kama nimewahi kuumwa matiti, ambalo lilimchekesha mama watoto mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha muuguzi alifungua ukurasa mwingine, akaukodolea macho, akageukia dirisha, akageuka tena. "Mwalimu, hapa naomba nikusomee kwa Kiingereza."

Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba hakuna jambo lisilosemeka kwa Kiswahili ukijua kulitafutia sitara. Kuna unyumba, kuna tendo la ndoa, kuna nguvu za kiume, lugha haikupungukiwa. Lakini nilikubali, na nilikubali upesi kuliko ilivyonistahili. Alisoma kwa Kiingereza, nami nilijibu kwa tarakimu, moja, moja, mbili, moja, kama mtu anayesoma nambari ya simu, huku mama watoto akifungua na kufunga zipu ya mkoba wake uliokuwa hauna kitu cha kutolewa. Ile sauti ya zipu naisikia hadi leo.

Swali la mwisho alilirudisha kwenye Kiswahili, nadhani kwa huruma. "Kwa jumla, umeridhika kwa kiwango gani na matibabu uliyopata?" Visanduku vilikuwa vitano, kuanzia "sijaridhika hata kidogo" hadi "nimeridhika mno," na katikati kile cha asiye na hakika.

Hapa ndipo taaluma yangu iliponiponza. Kuridhika kuna moyo uliotulia, lakini kuna pia ridhaa, yaani kukubali jambo kabla halijatendeka, na mimi ridhaa nilikuwa nimekwisha kuitoa kwa kalamu, usiku wa kuamkia upasuaji, kwenye fomu niliyoisoma juu juu kama wasomavyo watu wote. Niliyoelezwa kabla ya hapo yalikuwa kweli tupu: kwamba kuna saratani, kwamba itatolewa pamoja na tezi, kwamba nitakaa na mpira wa mkojo kama majuma mawili. Hakuna aliyenidanganya. Ila hakuna aliyeniambia kwamba mpira ukitolewa nitaanza kujifunza upya jambo ambalo mtoto wa miaka mitatu analijua, wala kwamba sehemu kubwa ya manii hutengenezwa na tezi dume na vifuko vilivyo jirani yake, ambavyo huondolewa pamoja nayo, kwa hivyo hata mambo yakirejea yatarejea makavu. Habari ya mishipa myembamba ya fahamu inayopita kandokando ya tezi, ambayo ndiyo huleta nguvu za kiume, niliisikia baada ya tukio: tangu mwaka 1982, daktari Patrick Walsh wa hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani alipoonyesha namna ya kuinusuru, wapasuaji hujaribu kuiacha pale ugonjwa unaporuhusu. Kwangu uliruhusu upande mmoja tu.

Hata mazoezi ya kukaza misuli ya chini ya nyonga, yale yenye jina la daktari Arnold Kegel aliyeyaeleza mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake waliojifungua, nilifundishwa na mke wangu. Nilikuwa nikiyafanya kanisani wakati wa matangazo, na yalinisaidia kuliko matangazo yenyewe.

Nikamjibu, "Nashukuru."

"Mwalimu, hakuna kisanduku cha kushukuru."

"Basi weka cha asiye na hakika."

Alisita. "Wewe ndiye uliyetuambia kwamba hilo si jibu, ni kukwepa." Ni kweli niliwaambia. Niliwaambia pia, kila mwaka kabla ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwamba asiyejua akisie, kwa sababu majibu ni manne na swali lililoachwa wazi halijawahi kumpa mtu alama. Niliitazama ile penseli mkononi mwake. Alikuwa bado anaishika karibu mno na ncha, kosa nililolipigania miaka miwili bila mafanikio, na kidole chake cha kati kilikuwa na weusi wa risasi.

"Hili liache wazi," nilisema.

Hakubishana. Alizungushia nambari ya swali duara dogo, jepesi, la kufutika, kama walivyokuwa wakifanya watoto wanaokusudia kulirudia swali muda ukibaki.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma juu ya utafiti wa Uingereza uitwao ProtecT, uliowagawa kwa bahati nasibu wanaume 1,643 wenye saratani ambayo haijatoka nje ya tezi: wengine wafuatiliwe tu, wengine wapasuliwe, wengine wapigwe mionzi. Katika kundi la upasuaji, asilimia 46 walikuwa wakivaa pedi miezi sita baadaye, na baada ya miaka sita walibaki asilimia 17. Hapo nilijiona waziwazi, mmoja wa wale wakaidi 17. Kilichoninyima usingizi ni habari nyingine, kwamba baada ya miaka 15 takriban watu 97 katika kila 100 hawakuwa wamefishwa na ugonjwa huo, wawe walipasuliwa au la. Sijui kama yangu ilikuwa saratani ya kungoja. Huenda haikuwa. Kungoja, kwa mtu aliyekwisha kuuza ng'ombe, ni vigumu.

Tukiwa ndani ya matatu ya kurudi nyumbani, mimi nikiwa kiti cha mlangoni kama ilivyo desturi yangu siku hizi, mama watoto alisema ghafla, "Mbona mimi hawakuniuliza?"

"Wangekuuliza ungejibu nini?"

Alifikiri mpaka kondakta akapita kuchukua nauli na kutuachia chenji. "Inategemea wanauliza habari za daktari au habari zako." Akafungua mkoba, akatia chenji, akafunga zipu.

Mjukuu alirudi na daftari saa mbili usiku, hesabu zote zimekwisha. Kwa "kutosheka" nilimpa mgeni aliyekula ugali sahani moja akakataa ya pili. Ya "kuridhika" alikuwa amekwisha kuitunga mwenyewe, kwa mwandiko wake mkubwa ulioegemea kushoto: "Babu ameridhika."

Nilimwambia kwamba kisarufi haina kosa, ila ni fupi mno, airefushe.