Nilivyochagua tochi ya kukagulia mifugo usiku

Kila muuzaji wa tochi niliyemwendea mjini Arusha alinipa ushauri uleule: nichukue yenye mwanga mweupe kabisa unaoelekea buluu, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu. Mmoja alimulika ukuta wa ng'ambo ya barabara akaniambia, "Mama, hii ni kiboko, mwizi utamwona kabla hajakuona." Kufika mbali inafika. Kinachonikera ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeniuliza nataka kumulika nini.

Nafuga mbuzi na ng'ombe wachache wa maziwa, na kwa kuwa hurudi kutoka kazini giza likiwa limeshaingia, ukaguzi wangu hufanyika usiku. Mbuzi huwafunua kope ya chini ili nione kama utando wa ndani ni mwekundu au umepauka, maana minyoo wanaonyonya damu tumboni hujidhihirisha hapo mapema. Ng'ombe huwaangalia fizi nikihofia ndigana baridi, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ambao humpunguzia mnyama damu na baadaye huweza kuugeuza utando kuwa wa manjano. Kwa tochi niliyokuwa nayo, ya mwanga baridi, yaani huo mweupe unaoelekea buluu, karibu kila mbuzi alionekana kapungukiwa damu. Jike mmoja anayenyonyesha nilimwona kope imepauka kiasi cha kuandaa dawa. Asubuhi, juani, kope hiyohiyo ilikuwa nyekundu safi. Dawa ya minyoo ikitolewa ovyo huzalisha minyoo sugu, kwa hiyo jambo hili si dogo kwa mfugaji yeyote.

Chanzo kimo ndani ya taa yenyewe. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni kipande kidogo kinachotoa mwanga wa buluu, kilichofunikwa kwa tabaka la unga wa njano ambao humeza sehemu ya buluu na kuitoa tena ikiwa njano na rangi za jirani yake. Buluu nyingi ikipita bila kumezwa, mwanga huwa baridi, kwenye 6,000K au 6,500K (K ni Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda mwanga huelekea buluu, ikishuka huelekea njano). Unga ukiongezwa na kuchanganywa na ule unaotoa wekundu, mwanga hushuka hadi kati ya 4,000K na 5,000K, na huo ndio mweupe wa kati. Ugeuzaji huo hupoteza nishati, na jicho la binadamu nalo halihisi sana wekundu, ndiyo maana tochi baridi huandikwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) nyingi zaidi kwa betri ileile. Nyongeza yenyewe mara nyingi ni kama sehemu moja kwa kumi au zaidi kidogo, ambayo macho huitambua kwa shida.

Kabla sijanunua nyingine, shemeji yangu alinishauri nifunike kioo cha tochi kwa karatasi laini ya pipi, ile ya rangi ya chungwa inayopitisha mwanga. Niliifunga vizuri, nikaibana kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, nikaingia bandani. Kope zote zikawa za chungwa, ya mbuzi mzima na ya mbuzi dhaifu, na mwanga ukafifia hadi nikalazimika kuinama puani pa mnyama. Karatasi ya namna hiyo huondoa buluu tu, na haiwezi kuleta wekundu ambao taa haikuutoa. Kwa sababu inayofanana na hiyo niliikataa pia tochi ya 3,000K: chini yake fizi ya ng'ombe mwenye afya huwa na umanjano, na umanjano ndio ninaoutafuta kama dalili ya ugonjwa.

Njia iliyonisaidia ni hii, nami naisimulia kwa fahari. Daktari wa mifugo alikuwa amenipa kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, yenye picha za kope katika ngazi tano kuanzia nyekundu ya damu hadi nyeupe. Mchana niliitazama juani hadi nikazishika rangi zake, kisha nikaenda nayo dukani na kuomba tuingie stoo na kuzima taa. Nilisimamisha kipande cha boksi katikati ya kadi, tochi moja huku na nyingine kule, nikaisogeza nyuma ile yenye mwanga mkali hadi pande zote zikalingana, kwa sababu inayong'aa zaidi humshawishi mtu hata kama rangi zake ni mbovu. Chini ya mwanga baridi, ngazi ya 3 na ya 4 zilikaribia kufanana, na ile nyekundu ya kwanza iligeuka kahawia. Chini ya mwanga wa kati zikaachana waziwazi. Muuzaji mwenyewe alimwita mwenzake aje aone.

Hata hivyo tochi mojawapo ya 4,500K nayo ilishindwa, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba Kelvini pekee hazitoshi. Ulizia pia CRI, kipimo cha uhalisi wa rangi ambacho mwisho wake ni 100; iliyoshindwa ilikuwa na 70, niliyonunua ina 90 na zaidi. Wastani huo hutokana na sampuli nane za rangi zisizokolea, na wekundu mkali hupimwa peke yake kama R9, kwa hiyo tochi yenye CRI ya 80 inaweza kuwa dhaifu mno kwenye damu. Niliilipia shilingi elfu sabini na kitu pamoja na betri.

Tochi ya zamani sikuitupa. Kijana anayelinda shamba anaitumia, kwa kuwa macho ya fisi hung'aa chini ya mwanga wowote mweupe. Na anayekwambia mwanga wa njano hupenya ukungu wa huku Meru usimsikilize. Matone ya ukungu ni makubwa na hutawanya rangi zote karibu sawasawa, hivyo kinachosaidia ni kushusha tochi hadi kiunoni. Kwenye kope tumia mwanga mdogo, maana ukiwa mkali kwa karibu hata utando mwekundu hupauka, na mnyama uliyemtilia shaka mwangalie tena asubuhi juani kabla ya kumnywesha dawa.