Wiki tatu mkono ukiwa pajani

Novemba 2011, msimu wa korosho, mkanda wa mashine ya kusaga ulinivuta mkono wa kulia. Mashine ilikuwa ya mjomba, kijijini kwetu karibu na Nanyamba. Alizima injini mbio, lakini ngozi ya mgongo wa kiganja ilikwisha chunika yote na kano zilikuwa nje, nyeupe kama nyuzi za katani.

Hospitalini Mtwara nilisafishwa kidonda mara mbili. Wagonjwa wenzangu walisema nitabandikwa ngozi nyembamba niende zangu. Daktari alikataa. Akamwita mjomba, ndiye mwenye kauli kwetu.

"Mzee, ngozi ya kubandika hunywa damu ya pale ilipolazwa. Kano zikiwa wazi hivi hazina damu ya kuinywesha. Itakufa."

Alieleza kuwa atainua kipande cha ngozi pamoja na mafuta yake juu ya paja, jirani na kinena, akiache kimeshikana na mwili upande mmoja ili mishipa iendelee kukilisha. Kisha mkono ushonewe hapohapo, wiki tatu.

"Mkono ushonwe pajani?" mjomba aliuliza. Akauliza tena. Halafu akatia sahihi.

Kilichoniuma kuliko kidonda ni kula. Wa kulia ndio huo umefungwa, na wa kushoto kwetu hauingii sahanini. Dada yangu alinilisha kila tonge kwa siku 21: ugali wa muhogo na kisamvu, na akipitia sokoni, ming'oko ya kuchemsha aliyonimenyea mmoja mmoja. Nilikuwa na miaka 24, nimeshaposa. Siku za mwanzo nilitafuna nimegeukia ukutani. Yeye alingoja tu, tonge mkononi, hata nigeuke.

Usiku wauguzi walikuja kukiangalia kipande: kina joto, kimevimba, kimebadilika rangi? Walinihimiza nichezeshe vidole, maana vikilala wiki tatu huganda. Nilivionea huruma kwa sababu ya maumivu, na kidole cha mwisho hakikunjiki sawasawa hadi leo.

Wiki ya tatu daktari alilizungushia mpira lile daraja la nyama kati ya paja na mkono, akaukaza. Muda wote huo paja ndilo lililokuwa likikilisha kipande. Sasa tulitaka kujua kama mkono umeshakipelekea mishipa yake. Tulingoja kimya. Akakichoma kwa sindano. Likatoka tone la damu, jekundu kabisa.

"Umepokea," akasema. Siku mbili baadaye walikata daraja.

Mgongo wa mkono wangu sasa una vinyweleo vya pajani, na nikinenepa nao hunenepa. Mjomba aliufunika ule mkanda kwa bati kabla sijarudi nyumbani.

Jioni niliyorudi, dada aliniwekea sahani, akaenda kukaa kizingitini, kanipa mgongo, hadi nilipomaliza.