Nimepokea uhariri wa jarida la sheria ya familia

Kuanzia wiki hii jarida letu la sheria ya familia liko mikononi mwangu. Makabidhiano ya uhariri yana upande mwepesi: nywila za mfumo wa kupokea makala, anwani za wahakiki, fomu za hakimiliki, mkataba na mchapaji. Kizito ni foleni. Lazima ijulikane kila makala imefika wapi: imepokelewa tu, iko kwa wahakiki, imerudishwa kwa mwandishi, au imekubaliwa na inasubiri toleo. Ile iliyoahidiwa kwa mdomo bila barua ndiyo huzua ugomvi baadaye. Kwa hiyo kila mwandishi aliyemo anaandikiwa peke yake, anaelezwa kumbukumbu zinasemaje kuhusu makala yake, na anaombwa kusahihisha kama kuna kilichokosewa.

Nguvu zangu nyingi nataka ziende kwenye uhakiki wa marejeo. Jarida la fani hii halikai maktaba tu. Linasomwa na mahakimu, mawakili, wasaidizi wa kisheria na maafisa ustawi wa jamii, na sentensi yake hunakiliwa moja kwa moja kwenye hati za madai. Ikiwa na kasoro, atakayeumia ni mtu ambaye hata jina la jarida halijui.

Chukua cheti cha baraza la usuluhishi wa ndoa, yaani hati inayosema baraza limeshindwa kuwapatanisha wanandoa. Makala nyingi husema tu kwamba kabla ya kudai talaka lazima mgogoro upitie barazani, zikaishia hapo. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 kinasema hivyo, lakini kina vighairi vyake, kwa mfano pale mwenzi alipotelekeza ndoa na hajulikani alipo. Tena kifungu cha 106(2) kinataka cheti kiwe kimetolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Mtu aliyekaa na cheti chake mwaka mzima akitarajia mambo yatatengemaa, hana cheti tena kwa kazi hiyo. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mienendo ya mashauri yaliyokwisha kupita ngazi za chini kwa sababu tu yalifunguliwa kabla ya wakati wake, yaani bila cheti halali. Makala inayozungumzia talaka bila kuutaja huo muda wa miezi sita nairudisha.

Kifungu cha 160 nacho kinateswa sana. Mtaani wanasema wakikaa miaka miwili wameshaoana, na inasikitisha kuikuta kauli hiyo kwenye andiko la mwanasheria. Sheria inaweka dhana ya ndoa kwa waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi katika hali iliyowafanya watambulike kuwa mke na mume, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Hata ikivunjwa, kifungu kidogo cha pili kinamruhusu hakimu kutoa amri za matunzo na nafuu nyingine. Hilo la mwisho ndilo mwanamke aliyeachwa analihitaji zaidi, na ndilo waandishi huliruka.

Halafu kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, [1983] TLR 32 (TLR ni mkusanyo wa hukumu, Tanzania Law Reports). Kila anayeandika juu ya mgawanyo wa mali za ndoa humtaja, kwa kuwa hapo ndipo Mahakama ya Rufani ilipokubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali kwa maana ya kifungu cha 114. Sawa kabisa. Lakini makala zinaendelea kuandika kana kwamba Bi Hawa alishinda na kupewa mgawo wake. Hakupewa. Mahakama iliona kwamba alifuja fedha alizokabidhiwa na mumewe, na rufaa yake ikakataliwa. Aliyeisoma hukumu yenyewe anajua, na aliyenakili tanbihi ya mwenzake anajulikana hapohapo. Ndiyo maana kila rejeo la kesi litafunguliwa TanzLII, hifadhi ya mtandaoni ya hukumu na sheria za Tanzania, aya inayotajwa itasomwa, kisha itaangaliwa kama kuna rufaa iliyobadilisha matokeo. Makala yenye marejeo mengi hula siku nzima, na siku hiyo haina njia ya mkato.

Mengine ni mepesi kuyarekebisha ila hayaachwi. Anayeandika “Tanzania” wakati anamaanisha Bara ataombwa aseme Bara, maana Sheria ya Ndoa haitumiki Zanzibar, ambako Waislamu huenda Mahakama ya Kadhi. Anayetaja kifungu ataje na toleo la sheria alilotumia, la marejeo ya 2019 au la 2023. Anayelinganisha na Kenya asiseme Katiba ya huko inagawa mali nusu kwa nusu. Katika JOO dhidi ya MBO, Januari 2023, Mahakama ya Juu ilisema usawa wa kifungu cha 45(3) haumpi mwenzi nusu moja kwa moja, mchango lazima uthibitishwe.

Herufi hizo za JOO na MBO, zilizowekwa badala ya majina ya wahusika, zinanifikisha kwenye jambo ninalolijali kuliko yote, yaani watoto. Kuficha jina hakutoshi. Ukiandika “mtoto K” halafu ukataja kijiji, shule, ugonjwa wake na kazi ya baba, darasa zima limeshamjua. Katika makala za malezi na matunzo tutaacha mahali padogo kuliko mkoa, tutaandika umri kwa miaka badala ya tarehe ya kuzaliwa, na maelezo ya kitabibu yatabaki pale tu hoja inapoyategemea. Majina ya kesi za msingi kama ya Bi Hawa yataendelea kutajwa. Huwezi kufundisha sheria hii bila hayo.

Wahakiki ni wawili kwa kila makala, wasiojua jina la mwandishi. Jina hubaki mahali ambapo wengi hawaangalii: kwenye sifa za faili, kwenye maoni ya pembeni, na kwenye tanbihi inayosema “kama nilivyoonyesha katika makala yangu”. Yote hayo yanafutwa kabla faili haijatumwa. Wanasheria wa familia ni wachache na wanakutana kila siku kwenye korido za mahakama, kwa hiyo mwandishi na mhakiki wataulizwa swali lilelile kwa maandishi: uliwahi kuwa wakili, hakimu au msuluhishi katika shauri linalochambuliwa? Mwandishi akijibu ndiyo, makala haifi, bali jibu lake linachapishwa chini ya ukurasa wa kwanza. Mhakiki akijibu ndiyo, anatafutwa mwingine. Na mhakiki aliyekaa kimya wiki nne anakumbushwa mara moja. Ikifika ya sita makala inakwenda kwa mtu mwingine na mwandishi anajulishwa siku hiyohiyo.